Mota ya Fokasi: Usihesabu Hatua Kabla Hujauliza Kama Inateleza

Januari iliyopita nilipoteza usiku mzima Nanyuki, Kenya, kwa sababu ya skrubu ndogo kuliko punje ya mchele. Nilikuwa nikipiga picha nebula ya Orion, lile wingu la gesi angani, kwa darubini yangu ya lenzi, milimita 80, f/6 (yaani urefu wa fokasi ni mara sita ya kipenyo cha lenzi). Saa tatu usiku nyota zilikuwa kali kama ncha ya sindano na kipimajoto kilisoma digrii 19. Saa saba kilisoma 10. Sikuhangaika, maana nilikuwa na mota mpya ya kusogeza fokasi, na programu ilikuwa ikiniarifu kila mara kwamba imesogea hatua kadhaa. Nikajifunika blanketi, nikanywa chai yangu. Asubuhi, kati ya picha 80 za dakika tatu tatu, zilizofaa ni 20 za mwanzo. Nyingine zote nyota zimevimba kama maandazi.

Mota ilizunguka, hilo sikatai. Fokasa, ile sehemu ya darubini inayobeba kamera na kuisogeza mbele na nyuma, ndiyo haikusogea. Kile kiungo cha kushikanisha shafti ya mota na shafti ya fokasa kilikuwa kinateleza, na programu haina macho ya kuona hilo. Huhesabu hatua ilizotuma, basi.

Kwa anayedhani digrii tisa ni jambo dogo: alumini hupungua urefu kama mikromita 23 (mikromita elfu moja ni milimita moja) kwa kila mita, kwa kila digrii moja ya baridi. Bomba la nusu mita hivi kama langu lilifupika karibu mikromita 100 usiku ule, na vioo navyo vina mabadiliko yao juu ya hayo. Sasa kwa f/6, eneo lote ambamo nyota hubaki kali lina upana wa mikromita 88 hivi. Ukiwa na f/4 linabaki kama 40. Kwa hiyo fokasi ya jioni haifiki alfajiri, hata uikaze vipi.

Wanunuzi wengi huuliza mota ina hatua ngapi kwa mzunguko. Swali la bure. Tuseme mzunguko mmoja wa shafti unasogeza kamera milimita 20. Mota yenye hatua 5,760 inakupa mikromita tatu na nusu kwa hatua. Zinatosha na kubaki. Uliza kiungo kinashikaje. Kina skrubu moja au mbili? Shafti yako ni ya mviringo tupu, au ina upande bapa ambapo skrubu itauma? Bamba linaloibeba mota ni la chuma kigumu, au ni kipande kinachopinda ukikibonyeza kwa kidole?

Na sisi tunaoishi kwenye ikweta tuna shida ambayo wachambuzi wa Ulaya hawaizungumzii. Kwao Orion hukaa upande wa kusini, darubini imeinama. Kwetu hupita utosini. Darubini inatazama juu wima, na kamera, vichujio na nyaya vyote vinaning'inia kwenye fokasa vikiivuta chini. Fokasa ya Crayford, ile isiyo na meno na inayoshika kwa msuguano tu, hapo ndipo huteleza hata kama mota ni nzuri. Yenye meno ni salama zaidi.

Haya, orodha yangu. Ya kwanza ni ZWO EAF, na sifichi kwamba naipendelea. Ndiyo hiyo yenye hatua 5,760. Nimeifunga upande wa kirungu kikubwa cha fokasa, nikakaza skrubu zake kwa subira, na haijanisaliti. Ukiwa na kisanduku cha ASIAIR, kompyuta ndogo ya ZWO ya kuendesha darubini na kamera, huna hata haja ya kubeba laptopu. Ila kabla ya kulipa uliza kama kipimajoto kimo, kwa sababu matoleo yanatofautiana na wauzaji hupenda kunyamaza.

Ya pili, FocusCube ya Pegasus Astro, kutoka Ugiriki. Imeundwa vizuri sana, na kwa anayetumia N.I.N.A., programu ya kupiga picha za anga, kwenye laptopu haina kasoro ninayoweza kuitaja. Ni ghali zaidi, na ASIAIR haiitambui. Nisingekuwa tayari na kisanduku changu, labda ingekuwa ya kwanza.

Ya tatu ni kujitengenezea kwa Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu mwenyewe, na ile mota ndogo ya 28BYJ-48, bei ya chakula cha mchana. Gia zake zinacheza. Fundi mvumilivu ataiweza.

Ya nne ni barakoa ya Bahtinov, kifuniko chenye mianya unachokiweka mbele ya darubini kikuonyeshe kama fokasi imekaa sawa, na mkono wako, kila digrii mbili, usiku kucha. Inafanya kazi. Wewe ndiye utachoka.

Yoyote utakayonunua, chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaopita kwenye shafti na kiungo kwa pamoja. Asubuhi tazama. Mstari ukiwa umekatika vipande viwili, umeshajua kilichokuwa kikiendelea usiku. Futa pia mafuta kwenye shafti kabla ya kufunga. Mimi nilikuta yangu imepakwa kama kichwa cha mtoto.

Kuhusu bei, EAF ni kama dola 200 huko nje. Ongeza nauli ya ndege, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine, kisha wakala anayekupigia simu kwamba kuna "kitu kidogo kimebaki". Ndiyo maana nilinunua ile ya kwanza isiyo na jina, hapa hapa mjini. Nilipoirudisha, muuzaji aliikataa kwa sababu boksi limefunguliwa. Nikamuuliza, ndugu yangu, ningejuaje inateleza ikiwa bado ndani ya boksi? Akanionyesha nyingine, ya bei ya juu kidogo.