Programu ya mauzo iliyotaka kumfukuzisha kazi keshia wetu

Niseme mapema, programu yenyewe sio mbaya. Ripoti zinasomeka, stoki inahesabu vizuri, bosi anaipenda. Ila setapu yake jamani, na yule kaka wao wa huduma kwa wateja, ndo vimenileta hapa.

Mimi nashika mahesabu kwenye duka la vipuri Kariakoo. Juzi kati hapa tukainunua, nabonyeza setapu, likaja lile dirisha la bluu la SmartScreen, ulinzi wa Windows, kwamba mtengenezaji hajulikani. Sawa, kampuni ndogo, faili hawajalisaini kidijitali kuonyesha ni lao kweli, labda cheti cha kusainia wanaona ghali, nikavumilia. Mbele kidogo maelekezo yanasema ZIMA ANTIVAIRASI KABLA YA KUENDELEA, kwa herufi kubwa kabisa wala hawaoni aibu. Kompyuta ina madeni na namba za wateja wote, nizime ulinzi kisa nyie hamtaki kusaini faili lenu? Nikapiga simu. "Dada, wenzako wote wanazima, kwani wewe una nini cha ajabu humo?" Hivyo hivyo, huku anatafuna kitu.

Bosi akasema zima tuendelee na kazi. Yule kaka akaingia kwa mbali, akaweka, ikoni ya bosi akaitegesha ifunguke kama admini, yaani na ruhusa zote za kompyuta, ya keshia akaiacha kawaida, akaaga.

Sasa sikilizeni. Keshia anauza, risiti zinatoka, kwake mauzo anayaona. Bosi akifungua kwenye akaunti yake, hamna kitu! Siku ya kwanza kaguna, baadaye kamwita yule binti chumba cha nyuma na mimi nipo, anamuuliza hela unapeleka wapi. Binti analia, droo ya pesa haijapungua hata mia, ila kompyuta ndo imesema, nani atamsikiliza?

Kijana wa ghorofa ya juu anayetengeneza laptop ndo alikuja kutuokoa. Kumbe programu inahifadhi data ndani ya Program Files, folda zinakowekwa programu zenyewe, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika. Toka enzi za Windows Vista ya 2007, Windows huwa inazionea huruma programu za kizamani, badala ya kuzigomea inachukua kile zinachoandika inakipeleka kimya kimya kwenye folda inaitwa VirtualStore, na kila mtumiaji ana ya kwake. Mauzo ya binti yote yalikuwa humo, hata shilingi haijapotea. Bosi yeye kwa kuwa anafungua kama admini alikuwa anasoma faili jingine kabisa. Hii sio siri ya NASA, data inayotumiwa na watu wengi inakaa kwenye folda ya ProgramData, setapu inaomba uadmini mara moja tu wakati wa kuweka na hapo hapo inatoa ruhusa ya hiyo folda, basi, baada ya hapo kila mtu anafanya kazi na akaunti yake ya kawaida.

Nikampigia tena yule kaka nimweleze. Unajua kanijibu nini? "Si mmpe keshia uadmini yaishe." Yaani kompyuta ya kaunta, inayochomekwa flashi za kila mpita njia, iwe na uadmini kutwa nzima, na antivairasi imezimwa! Nikamuuliza na yule binti aliyeitwa mwizi mnamwambiaje, akasema hilo ni suala la ndani ya ofisi yenu. Nilikata simu maana ningetukana.

Nilitaka kuweka nyota tatu kwa ajili ya ripoti. Nikiandika hapa naona hapana, moja, na sifuri ingekuwepo ningeiweka. Ila keshia mwenyewe anasoma begani kwangu anasema dada usiwaonee, sehemu ya kutafuta kifaa kwa namba ni nzuri. Haya, mbili. Akipokea tena yule kaka narudisha moja.