Uzoefu wangu: digrii ya kwanza kwenye chuo kikubwa cha umma, Mbeya

Kila dirisha la udahili likikaribia, wadogo zangu waliomaliza kidato cha sita wananiuliza swali lile lile: kaka, chuo huko Mbeya kikoje? Nimesoma digrii ya biashara kwenye chuo kimoja cha umma huko. Sikitaji, maana mengine nitakayosema si ya kusifia. Kwa kifupi, elimu ipo, ila hakuna atakayekukimbiza nayo.

Ukitoka advansi, yaani kidato cha tano na sita, umezoea kengele, paredi na mwalimu wa zamu. Chuoni sahau. Masomo ya pamoja ya mwaka wa kwanza, kama yale ya maendeleo na stadi za mawasiliano, yanakusanya kozi kibao kwenye ukumbi mmoja. Ukifika umechelewa unakuta siti zimeshikiwa kwa madaftari, na mwenye daftari bado yuko bwenini anaoga. Unasimama mlangoni, maiki inakoroma, unaambulia nusu ya somo. Mhadhiri hakujui kwa jina, na usipoonekana wiki nzima hakuna wa kuuliza.

Kwa hiyo mtu wa kumjua mapema ni CR, kiongozi wa darasa. Yeye ndiye mwenye namba ya mhadhiri, na kipindi kikihamishwa ghafla tangazo linapita kwenye grupu la WhatsApp, basi. Wa pili ni watu wako wa diskasheni. Kwetu kosiweki, yaani testi na kazi za muhula, ilikuwa alama 40, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, 60, hivyo ukiingia UE na kosiweki ya kuokoteza una kazi. Kundi letu lilikuwa na binti mmoja wa Tukuyu, akitukalisha kimbwetani, kwenye viti na meza za zege za nje, jioni na kutufundisha takwimu kwa Kiswahili kitupu, kwa mifano ya mikungu ya ndizi na bei za sokoni. Darasani tulisikia Kiingereza, pale kimbwetani ndipo tulipoelewa. Madesa, yaani notsi na maswali, ya waliotutangulia tulikuwa nayo pia, ila anayetegemea desa peke yake ndiye anayebaki kufanya sapu, mtihani wa marudio, wenzake wakiwa likizo.

Baridi sasa. Watu wa Dar na Tanga mnaichukulia utani. UE ya muhula wa pili inaangukia Juni na Julai, miezi ambayo Mbeya usiku unalala na soksi. Mtihani wa saa mbili asubuhi unaanza vidole vikiwa vimekufa ganzi, unavipulizia kwanza ndipo ushike kalamu. Msibebe majaketi ya bei mbaya kutoka nyumbani. Nendeni Mwanjelwa kwenye mitumba, mtapata koti zito na chenji ya chakula ikabaki.

Hosteli za chuo ni nafuu na ziko jirani na madarasa, ila nafasi ni chache, na maji ya baridi ya asubuhi yana adabu yake. Hita za kuchemshia maji zimepigwa marufuku, na kila chumba kina hita. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi wote wanachomeka kwa mpigo, umeme unakata bweni zima, korido nzima inapiga kelele "nani huyo!" na kila anayepiga kelele ana ndoo yake ya uvuguvugu chini ya kitanda. Mwaka wa pili nilihamia geto, chumba cha kupanga mtaani, na mshikaji. Uhuru upo, lakini mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na ugomvi wa kuchangia umeme wa LUKU na wapangaji wenzetu haukuisha hadi tunaondoka. Kabla ya kulipa, ulizeni maji yanatoka siku zipi, na nendeni mkaione njia usiku, mvua ikiwa imenyesha.

Pesa: kwa wenye mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka Sh 8,500 hadi Sh 10,000 kwa siku. Bumu, ndiyo hiyo posho, la siku 60 ni Sh 600,000, na linaingia lote kwa mara moja. Wiki ya bumu mama ntilie wanakosa wateja, watu wako mjini wanakula kuku. Wiki za mwisho foleni inarudi kwao, wali maharage na kipande cha parachichi juu, na parachichi la Nyanda za Juu msimu wake ukifika linashibisha lenyewe. Usipokuwa na mkopo, Mbeya bado inabebeka kuliko Dar, hasa chakula.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni ofisi. Alama zangu za kosiweki za somo moja hazikuonekana kwenye mfumo. Mhadhiri akasema ameshazipeleka idarani, idara ikanielekeza mitihani, mitihani wakanirudisha kwa mhadhiri, naye keshasafiri. Karatasi ya testi iliyosahihishwa ndiyo iliyoniokoa. Zitunzeni zote, hata zile za kuaibisha.

Nyota zangu: masomo nne, maana walimu wengi wanajua kazi yao na maktaba ilikuwa kimya kweli. Chakula na maisha ya mji nne na nusu. Malazi mbili. Ofisi moja, na hiyo ni ya yule mama wa masijala aliyeacha chai yake ipoe akanitafutia faili.