Steshenari ya upande wa chuo Dodoma: kuchapa nawapa nyota tano, kuchambua data nyota moja tena ya huruma

Habari zenu wadau. Najua wengi mnaosoma masters hapa Dodoma mnaulizana kila siku wapi kuna steshenari ya maana, sasa mi nimemaliza juzi na hii moja nimeitumia kuanzia propozali mpaka kubaindi kwa hiyo nina cha kusema. Jina siliweki, ila ukishuka daladala upande wa chuo ukaona duka lina mashine mbili kubwa za kopi na foleni ya watu wameshika flashi, ndo penyewe.

Kwanza mjue kazi yangu ilikua nini maana ndo imefanya niwajue hawa watu vizuri. Mi mwalimu wa msingi, utafiti wangu ni mtazamo wa walimu juu ya mageuzi ya elimu, yaani ile Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 na mtaala wake mpya ulioanza Januari 2024. Shule 8, walimu jumla 170, ukipiga kanuni ya Yamane, ile ya kujua uwahoji watu wangapi, kwa makosa ya asilimia 5 unapata kama 120 hivi. Hiyo hesabu nilifanyiwa palepale kaunta na kijana wa duka kwenye kikokotoo cha simu, bure, na alipatia. Hapo ndo nikamwamini, na hapo ndo nilipoingia mkenge.

Bei ziko poa. Kopi sh 50 ukitoa nyingi, dodoso langu lilikua kurasa 4 kwa nakala 120 nikalipa 24,000, kwa dakika kama arobaini ziko mkononi, nyeusi vizuri haina michirizi. Umeme ukikatika wana jenereta. Hilo tu linatosha kuwapa nyota.

Sasa vituko. Dodoso langu niliandika kwa kiingereza kwa sababu supavaiza ndo alitaka, nikamwambia yule kijana wanitafsirie maana walimu wenzangu wa msingi huwezi kuwapelekea kiingereza cha chuo halafu utegemee majibu ya moyoni. Kesho yake nakuta kwenye zile ngazi tano za Likert, yaani majibu ya kupima mtu anakubali au anakataa kiasi gani, ameandika "Kubali kwa nguvu" na "Kataa kwa nguvu". Jamani! Kwa nguvu tena, kama tunapigana mieleka. Nikakaa nae nikarekebisha mwenyewe, Nakubali kabisa, Nakubali, Sina uhakika, Sikubali, Sikubali kabisa. Huyu bwana Rensis Likert alibuni hii kitu Marekani 1932 nadhani asingeamini ilipofikia. Tafsiri msiwape, fanyeni wenyewe au mtafuteni mwalimu wa Kiswahili.

Kituko cha pili ndo kiliniuma zaidi na mpaka leo sijui nicheke au nilie. Kijana kwa kutaka kazi ionekane safi akachukua barua yangu ya kibali, ile ambayo unaizungukia toka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa mkoa mpaka kwa mkurugenzi wa halmashauri, akaitoa kopi 120 akaipiga pini juu ya kila dodoso. Kwa mbele kabisa! Muhuri wa mkurugenzi unakuangalia. Mi sikushtuka nikaona mbona imependeza, nikapanda zangu boda nikaenda shule ya kwanza.

We fikiria uko zamu, una darasa la watoto tisini, anakuja mtu na karatasi ina muhuri wa bosi wako anakuuliza je unaukubali mtaala mpya. Utajibu nini? Shule ile walinijazia haraka haraka, mkuu wa shule akakusanya mwenyewe akanipa kwenye bahasha, nikashukuru nikaondoka najiona mtafiti.

Aliyenifumbua macho ni dada anayechapa pale dukani, na review hii kwa kweli naiandika kwa ajili yake. Yeye ndo anaingiza data, sh 300 kwa dodoso moja, anachapa huku anaongea na wateja wengine na hakosei namba. Akafika dodoso la nane hivi akasimama akaniita, "Ticha, hawa walimu wako wamejaza wenyewe au kuna mtu kawajazia?" Nikauliza kwanini. Akanionyesha, kwenye namba 3 inasema nimeandaliwa vya kutosha kufundisha mtaala mpya, mtu katiki Nakubali kabisa. Namba 17 inasema sijaandaliwa kufundisha mtaala mpya, huyohuyo katiki Nakubali kabisa. Na wenzie wote hivyohivyo, mstari umenyooka toka juu mpaka chini kama uzi wa fundi, karatasi 11. Kalamu ya aina moja. Dada wa watu hajasoma mambo ya utafiti popote ila ameona kitu ambacho mi na digrii yangu sikukiona.

Usiku ule nikakaa na kiwembe natoa pini kwenye dodoso zote zilizobaki. Barua nikawa namwonyesha mkuu wa shule peke yake ofisini, halafu walimu nawapa dodoso tupu, hakuna jina hakuna namba ya TSC (Tume ya Utumishi wa Walimu), na bahasha kila mtu yake anaibandika mwenyewe. Na bado kuna waliouliza "hii haifiki wilayani kweli?" Ila majibu yakabadilika asee. Watu walianza kuandika mpaka pembeni ya karatasi. Na ile stori ya chai saa nne stafurumu ndo nilipata mambo yenyewe, kwamba msingi kuwa miaka 6 badala ya 7 wengi hawana shida nayo, mkondo wa amali sekondari, yaani wa mafunzo ya ufundi na stadi za kazi, wanaupenda kabisa, lakini ukigusa 2027, pale la sita wa mtaala mpya na la saba wa mtaala wa zamani watakapomaliza mwaka mmoja, kila mtu anauliza Januari 2028 hao watoto wote kidato cha kwanza watakaa wapi. Mwalimu mmoja mkongwe akasema 2005 walipoletewa mtaala wa umahiri nao waliambiwa semina zinakuja, yeye semina yake bado anaisubiri. Tulicheka ila hakua anatania.

Baada ya hapo ningeondoka na data yangu ningekua na amani. Lakini kijana akanishawishi kuhusu SPSS, ile programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, "ticha tunafanya na SPSS hapa, laki na nusu, sura ya nne unapewa na maelezo". Nimechoka, nina vipindi, nikalipa. Wiki moja akanipa faili lina majedwali ya kutisha, pai chati za rangi, mpaka jinsia ya walimu imewekewa grafu tatu tofauti sijui za nini. Napeleka kwa supavaiza, anafungua ukurasa wa kwanza tu anauliza mbona alfa ya Cronbach, kile kipimo cha kama maswali yanaendana, iko chini ya 0.4 wakati kila mtu anatafuta angalau 0.7? Nikakodoa macho.

Shida nikaja kuikuta mwenyewe baada ya siku mbili za YouTube. Dodoso lina sentensi za kusifia na sentensi za kulalamika, zile za kulalamika lazima uzigeuze alama kabla hujajumlisha, 5 inakua 1, 4 inakua 2. Jamaa hakugeuza hata moja. Alijumlisha sifa na lawama kwenye sufuria moja, ndo maana hitimisho lake likasema "walimu hawana msimamo kuhusu mageuzi". Walimu hawana msimamo! Wale walioniandikia mpaka pembeni! Nilipogeuza, na nikatenganisha maswali ya kama wanayataka mageuzi na maswali ya kama wanaona yanawezekana kwenye shule yao, alfa ikapanda na picha ikawa ileile ya stafurumu, wanayataka ila hawaoni yatapitia wapi.

Nilirudi kudai hela, kijana akasema kazi ni kazi. Akanipa ofa ya kubaindi nakala mbili bure, jalada gumu maandishi ya dhahabu, na sitadanganya zilitoka nzuri kuliko za wenzangu wote.

Kwa hiyo nendeni. Kopi, kuchapa, kuingiza data, kubaindi, hakuna duka linawashinda upande ule. Mwambieni asipige pini chochote bila kuuliza. SPSS kataeni kwa nguvu. Ulizeni dada anayekaa mashine ya dirishani, asubuhi kabla ya saa tano maana mchana foleni yake inatoka mpaka nje, na flashi yako iwe haina virusi, kwenye hilo hana utani kabisa.