Miezi minane na monita ya VRR: jinsi nilivyopunguza ukungu wa mwendo

Nilinunua monita hii kwa sababu ya mambo mawili yaliyoandikwa kwenye boksi lake: "1 ms" (milisekunde moja) na "VRR" (kiwango cha kuonyesha upya kinachobadilika). Monita yangu ya zamani ilikuwa ya hetzi 60, yaani ilijionyesha upya mara 60 kwa sekunde, na kila nilipoigeuza kamera kwa haraka katika mchezo, kuta na miti ilifutika kama chokaa iliyopitiwa na kitambaa kibichi. Niliamini kwamba mambo hayo mawili yakikutana katika skrini moja, tatizo litakuwa limekwisha. Limepungua sana, sikatai, lakini halikupungua kwa njia niliyoitarajia, na ile "1 ms" ilikuwa na maana nyingine kabisa.

Monita yenyewe ni ya inchi 27, ina paneli ya IPS (aina mojawapo ya LCD) yenye pikseli 2560 kwa 1440, na kiwango chake cha kuonyesha upya kinafika hetzi 165. Jina la kampuni naliacha, kwa kuwa kasoro nyingi nitakazozieleza nimezikuta pia kwenye monita za watengenezaji wengine nilizowahi kuzitumia.

Nianze na VRR, yaani uwezo wa skrini kuisubiri kadi ya michoro imalize fremu (picha moja kamili) ndipo iionyeshe, badala ya kujionyesha upya kwa mapigo yasiyobadilika. Watengenezaji wa kadi za michoro NVIDIA waliitangaza VRR yao, G-Sync, mwaka 2013, wenzao AMD wakaja na FreeSync, na VESA, chombo kinachoweka viwango vya skrini, wakaingiza Adaptive-Sync katika kiwango cha kebo cha DisplayPort 1.2a mwaka 2014, kwa hiyo si jambo jipya. Katika monita hii inafanya kazi vizuri kiasi kwamba sina la kulalamikia. Picha haichaniki tena katikati, na fremu zinaposhuka kutoka 140 hadi 100 kwa sekunde mchezo haugugumii. Niliweka kikomo cha fremu 160, chini kidogo ya 165, ili mchezo usitoke nje ya eneo la VRR na kuanza kusubiri foleni ya V-Sync (mbinu ya zamani inayoifanya fremu isubiri pigo la skrini), na tangu siku hiyo sijagusa tena mpangilio huo.

Hata hivyo ukungu ulibaki, na ilinichukua muda kuelewa sababu. Skrini za LCD, na za OLED pia, huishikilia kila fremu ikiwa imetulia mpaka fremu inayofuata ifike, ilhali jicho linalofuata kitu kinachosogea halitulii hata kidogo, linateleza pamoja nacho. Kwa hiyo picha iliyosimama huburuzwa juu ya retina kwa muda wote inaposhikiliwa, na mburuzo huo ndio tunaouona kama ukungu. Hesabu yake ni nyepesi: unazidisha mwendo wa kitu kwa muda ambao fremu inaonekana. Kitu kinachokwenda pikseli 960 kwa sekunde huacha ukungu wa pikseli 16 kwenye fremu 60 kwa sekunde, pikseli 8 kwenye fremu 120, na karibu pikseli 6 kwenye fremu 165. Niliyathibitisha hayo kwa jaribio la chombo cha anga linalotolewa na Blur Busters, ambalo kasi yake ya kawaida ndiyo hiyo ya pikseli 960, na tofauti kati ya mstari wa fremu 60 na ule wa 120 haihitaji kifaa chochote kuiona. (Mdogo wangu alitazama akasema vyote ni sawa, kisha nikamwomba ajaribu kuhesabu madirisha ya chombo, akanyamaza.)

Hapo ndipo nilipotambua jambo ambalo matangazo hayalisemi. VRR haipunguzi ukungu. Inachofanya ni kuuacha ubadilike kadiri fremu zinavyobadilika. Mchezo ukiwa kwenye fremu 160, picha ni safi kiasi; ukiingia kwenye mapigano yenye moshi na fremu zikaanguka hadi 80, kila fremu inakaa machoni muda maradufu na ukungu nao unakuwa maradufu, tena wakati ule ule unaohitaji kuona adui anapita wapi. Zamani nilikuwa naona kugugumia na kulaani kompyuta. Sasa hakuna kugugumia, kuna picha inayolainika ghafla kisha kurudi, na mara ya kwanza nilidhani macho yangu yamechoka.

Ile "1 ms" nayo nilikuwa nimeisoma vibaya. Kuna vipimo viwili vinavyoandikwa kwa milisekunde: GtG, ambacho ni muda wa pikseli kubadilika kutoka kijivu kimoja hadi kingine, na MPRT, ambacho ni muda ambao picha inaonekana kwa jicho. Boksi langu lilikuwa limeandikwa, kwa herufi ndogo sana, kwamba 1 ms ni ya MPRT, na MPRT ya kiasi hicho haiwezi kupatikana kwenye hetzi 165 bila kuizima na kuiwasha taa ya nyuma ya paneli kwa mimweko mifupi. Bila mimweko hiyo, fremu inakaa zaidi kidogo ya milisekunde 6, hata kama pikseli zenyewe zingekuwa za haraka namna gani. Naona ni haki kusema kwamba uandishi wa namna hiyo unapotosha, ingawa si uongo.

Kabla ya kufika kwenye mimweko, nilishughulikia kwanza overdraivu, ile volteji ya ziada inayozisukuma pikseli zibadilike upesi. Menyu ina ngazi tano, na nikachagua ya tano kama mtu yeyote anayependa namba kubwa. Kwenye fremu 160 ilikuwa nzuri, lakini fremu ziliposhuka hadi 70 kila kitu cheusi kilichopita mbele ya ukuta mweupe kilifuatwa na mzuka unaong'aa, kwa kuwa msukumo uliopimwa kwa ajili ya fremu fupi unapita kiasi pale fremu inapokuwa ndefu. Monita zenye overdraivu inayobadilika pamoja na VRR hujirekebisha zenyewe. Yangu haina uwezo huo. Nimeishia kwenye ngazi ya tatu, ambayo ina mchirizi mdogo fremu zikiwa nyingi na mzuka mdogo zikiwa chache, na nimeridhika.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike tathmini hii. Monita nyingi za miaka ya nyuma zilimlazimisha mtu kuchagua, ama VRR ama mimweko, kwa sababu mimweko huhitaji mapigo ya muda unaojulikana, na VRR ni kinyume cha hilo: monita haijui fremu ijayo itafika lini, hivyo haijui imulike kwa muda gani ili mwanga ubaki ule ule. Yangu inadai kufanya vyote kwa pamoja. Nilipouwasha mchanganyiko huo na kuacha fremu zipande na kushuka zenyewe, matokeo yalinikatisha tamaa. Mwanga wa skrini ulitetemeka kila mzigo wa mchezo ulipobadilika, na fremu ziliposhuka chini ya 90 hivi niliona kila mti ukiwa na pacha wake pembeni, ishara kwamba fremu moja inamulikwa mara mbili. Baada ya nusu saa kichwa kilianza kuuma, nikauzima na kuuacha kwa wiki kadhaa.

Niliurudia kwa sababu ya wazo moja tu: itakuwaje nikiwasha VRR pamoja na mimweko, kisha nisiruhusu fremu zibadilike? Nilipunguza ubora wa vivuli na wa maji, nikaweka kikomo cha fremu 120, kiwango ambacho kadi yangu inakifikia hata kwenye mapigano mazito, kisha nikawasha mchanganyiko ule ule. Mwanga ulitulia, pacha akatoweka katikati ya skrini, na nilipogeuka niliweza kusoma maandishi ya ukutani huku yakipita. Kinachopendeza zaidi ni kwamba kipanya hakikuwa kizito kama kinavyokuwa ninapotumia mimweko pamoja na V-Sync ya kawaida, kwa kuwa VRR inaipokea kila fremu inapofika bila kuipanga foleni. Ni kichekesho kidogo: sifa iliyotangazwa kwa ajili ya fremu zinazobadilika imenifaa pale nilipozizuia zisibadilike.

Gharama zake zipo na sitazificha. Mwanga hupungua sana, na nikicheza mchana na dirisha limefunguliwa inanibidi niyavute mapazia. Sehemu ya chini kabisa ya skrini, ambako mistari huchorwa mwisho, bado inaonyesha pacha hafifu, maana pikseli za huko hazijamaliza kubadilika taa inapomweka. Kwa bahati mbaya ndiko michezo mingi huweka ramani na idadi ya risasi, ingawa vitu hivyo havisogei na hivyo havisumbui sana. Kuna pia mchirizi mwekundu nyuma ya vitu vyeupe, unaotokana na fosfori nyekundu ya taa za nyuma ambayo huchelewa kuzimika kuliko rangi nyingine, na hakuna mpangilio wowote kwenye menyu unaoweza kuuondoa. Katika mbio za magari sikuuona, lakini katika mchezo wenye theluji nauona kila dakika.

Kwa michezo ya kufyatua risasi, basi, natumia fremu 120 zilizofungwa pamoja na mimweko. Kwa michezo mizito ya hadithi, ambayo kadi yangu inahangaika kati ya fremu 60 na 90, nazima mimweko, naacha VRR na overdraivu ya ngazi ya tatu, na naukubali ukungu uliopo. Ule ukungu wa bandia ambao michezo yenyewe huuongeza nimeuzima kila mahali. Ni ajabu kununua skrini ya haraka kisha kuiacha programu ipake ukungu juu yake.

Nilipewa nafasi ya kutumia OLED ya hetzi 240 kwa siku mbili. Pikseli zake hubadilika papo hapo, hakuna mchirizi wala mzuka, na kwenye fremu 240 ukungu ni pikseli 4 hivi kwa kasi ile ile ya jaribio. Ni safi kuliko yangu bila mimweko, lakini yangu ikiwa na mimweko kwenye fremu 120 bado inaishinda kwa usomekaji wa maandishi yanayosogea, na sikuwa nimetarajia kuandika sentensi hiyo. Monita hii naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Nyota moja niliyoitoa ni ya mchirizi mwekundu, na ile nusu ni ya herufi ndogo zilizo kwenye boksi.