Vitabu vya mtumba Samora: nilivyompata Bwana Msa kwa Sh 2,000

Jumamosi nikiwa na nafasi nashuka Posta, katikati ya Dar es Salaam, natembea taratibu Barabara ya Samora macho yakiwa chini. Vitabu vimetandazwa kwenye turubai pembeni mwa njia: vya shule, vya dini, vya namna ya kutajirika, riwaya za Kizungu. Ukiwa na subira ya kuinama na kupekua, katikati yake unakuta riwaya za Kiswahili za miaka ya 70 na 80, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Mimi nimekuwa nikinunua kwa kati ya Sh 2,000 na Sh 5,000, na namaliza kitabu kimoja kwa wiki. Kwa bei za dukani nisingeweza.

Bei hiyo inanipa ujasiri pia. Nikitoa Sh 20,000, nataka mwandishi ninayemjua. Kwa Sh 2,000 nafungua kitabu cha mtu ambaye sijawahi hata kumsikia, nasoma kurasa tatu nimesimama pale pale juani, na nikitamani ya nne, nalipa.

Ndivyo nilivyokutana na Muhammed Said Abdulla. Shuleni hatukumsoma. Nakala ya Kisima cha Giningi niliyoikuta haikuwa na jalada, mgongo umeshonwa kwa uzi mweusi, na ukurasa wa kwanza mtu ameandika kwa wino wa buluu: "Kuazima si kupewa." Nilianza kukisoma kwenye daladala nikapitiliza kituo. Bwana Msa, mpelelezi wake, anakaa na kiko chake, anafikiri, anauliza swali ambalo hakuna aliyelitegemea. Na Kiswahili kile cha Unguja! Kuna sentensi nilizirudia kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani. Baadaye ndipo nikajua kwamba mwandishi huyu alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka 1960. Miaka yote hiyo alikuwepo, mimi sina habari.

Sasa uchungu wake. Nilipokaribia mwisho, kurasa hazipo. Riwaya ya upelelezi, na kurasa za mwisho zimechanika! Nilirudi kwa muuzaji, akanijibu kwa upole, "Pole dada, mimi nauza kama kilivyokuja." Sikuwa na la kusema. Tangu siku hiyo, kabla ya kupatana bei nafungua nyuma kwanza, nahakikisha namba za kurasa zinafuatana mpaka mwisho, kisha naangalia katikati kama gundi bado inashika. Nyuma huko huko mara nyingine mchapishaji ameorodhesha vitabu vyake vingine. Orodha hizo nazipiga picha, zimeshanionyesha waandishi wengi kuliko mtu yeyote.

Kitu kimoja sinunui: nakala zilizodurufiwa, zile zenye maandishi yaliyofifia na jalada la kopi. Cha mtumba kilishauzwa kihalali mara ya kwanza. Cha kudurufu ni kumwibia mwandishi, na wetu hawana cha ziada cha kuibiwa. Mwandishi niliyempenda kwenye turubai, kama yuko hai na kitabu chake kipya kipo dukani, najibana nanunua.

Mwisho wa Kisima cha Giningi niliupata kwa baba wa rafiki yangu, mzee wa Kiunguja. Baada ya shikamoo nikamweleza shida yangu. Akaingia ndani, akatoka na nakala iliyofunikwa gazeti, akasema nitaisoma hapo hapo barazani, haivuki mlango. Nilisoma mpaka magharibi. Nilipomrudishia akaniuliza, "Na Mwana wa Yungi Hulewa, umekisoma?"

Sijakisoma. Nimekiulizia turubai zote za Samora, na Jumamosi hii narudi.