Uzoefu wangu na "Learn to Live", albamu ya kantri ya Darius Rucker

Albamu hii naipendekeza hasa kwa wale waliomfahamu Darius Rucker kupitia bendi ya roki ya Hootie & the Blowfish, na wakahofia kwamba kuhamia kantri kungemharibia sauti yake nzito yenye mkwaruzo. Sauti ni ileile. Vilivyobadilika ni vyombo. Fidla na gitaa la chuma linalopigwa likiwa limelazwa vimeshika nafasi kubwa, ila mtayarishaji Frank Rogers hakuviruhusu vimfunike mwimbaji.

Ninaourudia zaidi ni "It Won't Be Like This for Long", wimbo wa baba anayekeshwa na kilio cha binti mchanga. Miaka inapita, na binti huyohuyo anang'ang'ania mguu wa baba yake anapofikishwa shule ya chekechea. Mwishoni baba anajilaza kando yake hadi afumbe macho, huku akijua kwamba siku moja atamwoza. Mimi ni mzazi, na ubeti ule wa chekechea bado hunigusa kila ninapousikia.

Ninachokiheshimu zaidi ni namna alivyoingia. Alikuwa nyota tangu albamu ya bendi yake ya mwaka 1994 iliyouzwa kwa mamilioni, na mwaka 2002 alikuwa amekwishatoa albamu ya R&B peke yake, lakini kwa hii ya Septemba 2008 alizunguka vituo vya redio vya kantri akijitambulisha kama chipukizi. Wimbo wake wa kwanza ulishika nafasi ya 1 katika chati ya kantri ya Billboard, nafasi ambayo hakuna mwimbaji Mweusi aliyeimba peke yake aliyekuwa ameishika tangu Charley Pride mwaka 1983, na mwaka uliofuata chama cha muziki wa kantri, CMA, kikamtunuku tuzo ya msanii mpya.

Upungufu upo. Nyimbo kadhaa za katikati zina mwendo mmoja na zimesuguliwa mno, kiasi kwamba natamani ukali kidogo wa jukwaa la roki. Hata hivyo, anayedhani alibadilika ghafla asikilize kwanza "Let Her Cry" ya enzi za bendi, kisha aifungue albamu hii: kantri ilikuwa imeshaanza kusikika humo.