Huduma ya meseji za picha: kwenye kupima faili wamenikosha

Wenzangu wa Mbeya mnaowafanyia wateja matangazo kwa meseji za picha, kuna huduma moja naitumia kwa kazi za duka la pembejeo Uyole na muuza mchele wa Kyela pale Mwanjelwa. Watu wananiuliza bei tu kila siku, wakati cha kuuliza kwanza ni hiki, faili lako ukishalipakia linamfikia mteja likiwa na hali gani?

Hapo ndo wamenikosha. Picha ikikataa hawakuachi unashangaa na neno "imeshindikana", wanakwambia kabisa ni uzito au ni aina ya faili. WhatsApp ya biashara kwa njia hii ya mfumo (API, yaani huduma ndiyo inatuma, si wewe kwa app ya simu) picha mwisho MB 5 na iwe JPEG au PNG, video mwisho MB 16, ila MMS, yaani meseji ya picha inayopita kwenye laini bila WhatsApp, ni habari nyingine, mimi sivuki KB 300 maana juu ya hapo hujui simu ya mtu itaipokeaje. Halafu hizi picha za iPhone, tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu yenyewe kwa kawaida inahifadhi HEIC, aina nyingine ya faili la picha ambayo si JPEG, sasa kuna watu wanafuta herufi za mwisho kwenye jina wanaandika jpg wanaona wamemaliza, jamani ndani bado ni HEIC ileile! Hii huduma inaikamata palepale.

Sehemu ya majaribio ndo naipenda kuliko zote. Unaingiza namba zako unajitumia kwanza kabla ya kugusa orodha ya mteja, na mimi natuma kwenye smatifoni kubwa, kwenye simu ya bei rahisi yenye kioo kidogo na kwenye kitochi, tena laini za mitandao tofauti, na waifai nazima kwa sababu MMS kwa kawaida inapita kwenye data ya laini. Tangazo la mbolea lilikuwa linang'aa kwenye kompyuta, kwenye ile simu ndogo bei ikawa ukungu mtupu. Mkulima wa Igurusi asiposoma bei hapandi gari kuja Uyole, basi, hela ya mteja imeenda bure. Tukaandika bei kubwa, maneno mengine tukayahamishia kwenye meseji yenyewe.

Na mteja akikurushia picha WhatsApp mwambie aitume kama dokumenti, ikija kama picha ya kawaida inakuwa imeshabanwa, yaani imepunguzwa uzito na ubora, ukiipakia inabanwa tena.

Kasoro ipo, na inaniuma. Wanaibana picha bila kukuuliza, rangi nyekundu inatoka na madoa, na kila jaribio linakatwa kwenye salio sawa na meseji ya mteja, sasa hapo mtu wa mtaji mdogo si ataacha kupima atume hivyohivyo? Nawapa nyota nne, majaribio yakiwa bure naongeza ya tano.